Joging ya mtaani au klabu ya mbio: anayeanza Dar aende wapi?

Ukiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumamosi pale Tandika, utawasikia kabla hujawaona. Filimbi kwanza, kisha vishindo vya raba, halafu mmoja anaimba na wengine hamsini wanaitikia. Muda huohuo, upande wa pili wa jiji, watu kama ishirini wamesimama Coco Beach, kimya, kila mmoja ameinamia mkono wake akisubiri saa yake inase satelaiti. Wote hao wanakwenda kukimbia, na ukiwauliza, wote watakuambia: "Karibu, hata wanaoanza wapo."

Nimekimbia na hawa, nikakimbia na wale, nikiwa mtu ambaye pumzi inakata kabla sijapita nguzo ya tano ya umeme. Hiyo "karibu" yao si moja. Wengi tunapotafuta kundi tunaangalia ukaribu na nyumbani, uzuri wa jezi, au picha walizoweka Instagram. Mimi siku hizi nauliza kitu kimoja tu: wa mwisho anakimbia na nani? Jibu la hapo linanitosha kujua kama nitarudi wiki inayofuata.

Mwendo

Joging ya mtaani ina silaha moja ambayo klabu za Masaki hazina, nayo ni wimbo. Ni mchakamchaka uleule tulioukimbia shuleni na wengine wakaukimbia JKT, ila sasa umevaa jezi zinazofanana na una katibu na mweka hazina. Watu hudhani nyimbo ni za kuchangamsha tu. Jaribu kuimba huku unakimbia kasi uone. Makocha wa mbio huwaambia wanaoanza wakimbie kwa mwendo unaowaruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuimaliza, umezidisha. Kwenye joging hakuna anayekupa somo hilo, kwa sababu kiitikio kinafanya kazi hiyo chenyewe. Sauti zikianza kupungua, mwenye filimbi anajua watu wameishiwa. Anapuliza mara mbili, msafara mzima unashuka kwenye matembezi, nusu dakika, dakika, halafu wimbo mwingine unaanza.

Siku yangu ya kwanza nilikaza macho kwenye visigino vya mama mmoja aliyefunga kanga juu ya suruali ya mazoezi. Kanga ilikuwa inapiga kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama saa ya ukutani. Nilipoinua uso tulikuwa tumeshafika Mwembe Yanga na sikuwa nimesimama hata mara moja peke yangu. Nilipokuja kupima kwa simu wiki za mbele, kilomita moja ilikuwa inatuchukua kama dakika nane na nusu. Ni mwendo wa pole kabisa, na kwa aliyeanza juzi ndio mwendo wake.

Klabu ya mbio inaongea lugha nyingine: pesi. Wakisema pesi ya 6, wana maana kila kilomita moja mnaitumia dakika sita, yaani kilomita tano mnamaliza kwa nusu saa. Anayeanza akisikia "sita" anaona ni namba ndogo tu. Kumbe kwa mtu ambaye hajakimbia tangu kidato cha nne, pesi ya 6 ni kufukuzwa na mbwa.

Nilikwenda kwenye klabu ya kwanza kwa tangazo lililoandikwa "pesi zote karibu." Tulianzia Coco Beach kuelekea Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo lenyewe lina urefu wa kilomita moja na kidogo. Mkoba wangu niliuweka kwenye buti la gari la mwenzetu mmoja, kama walivyofanya wengine. Kufika mwanzo wa daraja nilikuwa naona migongo yao. Kufika katikati nilikuwa naona taa ya mgongoni ya mtu mmoja. Baada ya hapo nilibaki na upepo wa bahari, harufu ya mikoko maji yakiwa yamekupwa, na wale wazee wanaotembea kwa afya ambao walinipita wakinipa pole. Nilirudi kwa miguu. Nilipofika, picha ya pamoja ilikuwa imeshapigwa, na mwenye buti alikuwa ameshaondoka kuwahi misa ya kwanza. Funguo za nyumbani, nauli, kila kitu, kimekwenda kanisani.

Sisemi klabu zote ziko hivyo. Ya pili niliyojaribu ilikuwa na mtu wanayemwita mfagiaji: kazi yake asubuhi hiyo ni kukimbia nyuma ya wote, hata kama yeye mwenyewe ni wa pesi ya 5. Wanapokezana zamu, na zamu inatangazwa usiku wa kuamkia siku ya mbio. Tena walikuwa na ujanja nilioupenda sana. Jumanne hawahesabu kilomita. Kila mtu anakimbia kwenda mbele dakika ishirini kwa mwendo wake, filimbi inalia, wote wanageuka walipo. Wenye kasi wamekwenda mbali, kwa hiyo wana safari ndefu ya kurudi, na wewe wa pole uko karibu. Mnafika pamoja. Hakuna aliyesubiriwa wala aliyesubiri.

Siku na saa

Hapa hakuna ubishi mwingi. Joging ni Jumamosi au Jumapili, basi. Klabu za mbio huwa na siku ya katikati ya wiki pia, na kwa anayetaka mwili uzoee, siku moja kwa wiki haitoshi. Kila Jumamosi utakuwa unaanza upya.

Wote wanawahi kwa sababu ya jua. Dar jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili hadi na nusu hivi, kutegemea mwezi, na Januari na Februari ukichelewa nusu saa tu unakimbia ndani ya sufuria. Tofauti iko kwenye kumaliza. Klabu ikisema saa moja na nusu mmemaliza, mmemaliza. Watu wanapanda magari. Joging ikimaliza kukimbia ndiyo kwanza imeanza: kuna mazoezi ya viungo uwanjani, kuna matangazo, kuna supu. Na ikiwa ni siku ya bonanza, joging wenyeji wamealika joging nyingine nane, kuna mpira, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, mgeni rasmi amechelewa, na wewe ulimwambia mtu wa nyumbani unarudi saa mbili. Unarudi saa saba.

Hela

Watu hudhani joging ni bure na klabu ni ya wenye nazo. Ni kweli nusu.

Joging inakudai kidogo kidogo na haikomi. Jezi, mchango wa kila wiki, nauli ya Coaster mkialikwa Kigamboni, mchango wa mwenzenu aliyefiwa, wa aliyejifungua, wa aliyelazwa. Mimi nimewahi kuhesabu mwezi mmoja nikaona nimetoa zaidi ya nilivyofikiri. Lakini mwaka huohuo tulipofiwa nyumbani, watu wa joging walifika na maturubai na viti kabla ya baadhi ya ndugu. Kwa hiyo nikiandika kwamba joging ni ghali, niandike pia kwamba sehemu ya hela hiyo si ya kukimbia hata kidogo.

Klabu ya mbio siku ya kwanza haikuombi kitu. Hela inakuja kwa mlango wa nyuma. Unaanza kuona raba za wenzako. Kisha saa. Kisha mtu anauliza kwenye grupu, "Nani hajajisajili Moshi?" na unajikuta unatafuta basi na chumba cha kulala. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi tangu mwaka 2003, ina kilomita 42.2, 21.1 na ile ya 5 ya kujifurahisha, na kwenye klabu nyingi ni kama Idi. Ukiwa mgeni watakuambia "jiandikishe 21 tu, utaweza." Nusu ya ile 21 ni mlima kuelekea Mweka. Anza na 5.

Raba nitasema neno moja. Huhitaji mpya. Za mtumba zinafaa, ila zibonyeze kwenye soli kwa kidole gumba kabla hujalipa. Zikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa hata kama juu zinang'aa, na magoti yako ndiyo yatakayolipa.

Barabara

Joging inakimbia katikati ya watu. Ina faida: alfajiri yenye giza, mwanamke akiwa ndani ya msafara wa watu hamsini wanaoimba, hakuna anayemsogelea, na mwenye bodaboda anayevizia simu hapati pa kupita. Mabinti wengi mtaani kwetu waliruhusiwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, na ukitaka kukimbia na hijabu, dera juu ya suruali au kanga kiunoni, hutakuwa wa kwanza. Hasara ni kwamba msafara unakula njia nzima ya upande mmoja. Nimeona daladala ikipita imebaki shibri moja kati ya kioo chake na bega la mtu, dereva akitukana na kondakta akicheka. Kundi zuri lina vijana wawili wenye vizibao vinavyong'aa, mmoja mbele mmoja nyuma, na gari au pikipiki inayofuata na taa zimewashwa. Usipoviona, kaa upande wa ndani, karibu na mtaro.

Klabu za mbio huchagua njia zenye nafasi: Barabara ya Toure pembezoni mwa bahari, darajani, au vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani ambako kuna miti na kivuli. Njia ni nzuri. Ila msafara ukishakatika, wewe wa nyuma uko peke yako kwenye njia hiyo nzuri, na kama ni saa kumi na moja na nusu hilo si jambo dogo. Tunarudi palepale, kwa mfagiaji.

Utapiga hatua wapi?

Hapa nasimama upande wa klabu, na najua watu wa mtaani kwangu watanuna. Joging itakutoa kwenye kiti. Itakufikisha mahali unakimbia nusu saa bila kufa. Baada ya hapo, kwa kuwa mwendo ni uleule na siku ni ileile, unaweza kukaa miaka mitatu hapo hapo. Wengi wanakaa na wana furaha zao, sina neno. Lakini ukianza kujiuliza "hivi naweza kilomita kumi?", utahitaji watu wanaojua kupanga wiki: siku ya pole, siku ya vilima, siku ya mbio ndefu, siku ya kupumzika. Klabu zina watu hao, na mara nyingi wanafundisha bure kwa kupenda tu.

Kabla ya hapo kuna mpango maarufu wa wiki tisa wa kumfikisha mtu kilomita tano, na wiki yake ya kwanza ni ya kibinadamu kabisa: sekunde 60 unakimbia, sekunde 90 unatembea, unarudia kwa dakika ishirini, siku tatu za wiki. Nilichofanya mimi ni kuifanya joging ya Jumamosi iwe moja ya zile siku tatu, na mbili zilizobaki nikazifanya na jirani yangu kuzunguka uwanja wa shule. Wala hatukuwa kundi. Tulikuwa watu wawili na simu moja ya kuhesabu sekunde. Ila siku ambayo nisingeamka, nilijua kuna mtu amesimama getini ameshika chupa ya maji.

Septemba 2025, mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa 2:09:48, muda uleule na aliyekuwa wa pili, grupu la WhatsApp la klabu liliwaka moto siku nzima. Kesho yake waliokuwa wanakimbia kilomita tano walitaka kumi na tano. Wawili waliumia misuli ya paja wiki hiyo hiyo. Joging kwetu, walimtungia wimbo, wakaendelea na dakika nane na nusu zao.

Hash, na wanaosoma hili wakiwa mbali

Usiipuuze hash, mbio za kufuata alama. Ilianzia Kuala Lumpur mwaka 1938 na imeenea dunia nzima, Dar na Nairobi zikiwemo. Mmoja anatangulia, wanamwita sungura, anaacha alama za unga njiani, wengine wanafuata. Baadhi ya alama ni za uongo makusudi: wenye kasi wanakimbilia njia isiyo na mwisho, wanarudi wakihema, na wakati huo wa nyuma wameshafika. Kwa swali langu la wa mwisho, hilo ni jibu la kijanja kuliko yote. Lakini Kiingereza ni kingi, wageni ni wengi, na baada ya mbio kuna bia na vituko vya kuadhibiana. Kama hayo si yako, hutafurahi, na hakuna ubaya.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanayo parkrun: kilomita tano, bure, kila Jumamosi, ilianza Bushy Park, London mwaka 2004. Huko wa mwisho amewekewa mtu rasmi, mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote. Huwezi kuwa wa mwisho hata ukitaka. Nenda.

Namna ya kuwapata na namna ya kuuliza

Joging haitafutwi mtandaoni. Soma mgongo wa jezi: jina la klabu na la mtaa yapo. Au muulize mama wa supu, anajua wanakaa wangapi, wanalipa au wanakopa. Klabu za mbio ziko Instagram na Strava, ile programu ya simu ya wakimbiaji, lakini njia ya uhakika ni kufika Coco Beach Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na kuangalia kwa macho yako nani anarudi wa mwisho na anarudije.

Ukipata namba, usiulize "wanaoanza mnapokea?" Kila mtu atasema ndiyo. Mimi niliandika hivi kwa makundi mawili:

"Habari za jioni kaka. Mimi ndiyo kwanza naanza, kilomita moja pumzi inakata. Naomba kujua, wa mwisho huwa anakimbia na nani?"

Wa kwanza alijibu: "Karibu sana dada, pesi yetu ni 5:30 hadi 6, utazoea tu."

Wa pili, wa joging, alinitumia sauti, nyuma yake jogoo anawika: "Dada yangu wewe njoo. Wa mwisho anakimbia na mzee wetu mwenye filimbi, yule hana haraka. Ukifika mpe shikamoo, mwambie umetumwa na katibu."

Jambo moja tu: muulize huyo katibu kama Jumamosi hiyo kuna bonanza. Kama lipo, subiri wiki ifuatayo. Siku ya bonanza joging wageni wanataka kuonyeshana, msafara unakwenda kasi kuliko kawaida, mzee wa filimbi amekaa meza kuu na mgeni rasmi, na nyuma hakuna mtu. Funguo zako za nyumbani, kwa vyovyote vile, zifunge kwenye kamba ya raba.